Njia Iko Wapi

Isyonje asubuhi, ukungu huwahi darasani
kuliko watoto, ukakaa dawati la nyuma.
Wanafunzi tisini na wawili, madawati ishirini na sita.
Mkono wangu una baridi, chaki inakatika.

Atuganile haandiki. Anatazama dirishani
malori ya viazi yanayoshuka Uyole.
Swali la kumi, jibu tu, peke yake,
kama kiazi kilichosahaulika shambani baada ya mavuno.
"Njia iko wapi?"
"Nimeliona tu, mwalimu."
Nikampa sifuri. Mara mbili nikampa na fimbo.
Nayasema mwenyewe, maana yeye hajayasema kwa mtu.

Kisha usiku mmoja, nikisahihisha kwa taa ya sola,
daftari lake nikalifungua kinyume.
Nyuma, kwa penseli iliyobaki kama kucha,
magunia: la mama, la mama mkubwa, la kina Mwakalobo,
madebe sita ya haki, madebe mawili ya lumbesa,
misimu mitatu, shamba kwa shamba,
na chini, imepigiwa mstari:
*Kwa kila matatu tunayouza, la nne twampa bure.*

Ana miaka kumi na moja.
Nilizima taa, usingizi haukuja.

Nilimpelekea daftari afisa elimu kata.
Akapekua faili: fomu ya watoro ipo,
ya wasioona ubao ipo,
ya wasiojua kusoma, nakala tatu.
"Wa namna hii sina fomu yake," akasema, kwa upole kabisa.
"Subiri mtihani wa la saba."

Nimewahi kusubiri. Nilimsubiri Ambakisye,
aliyefufua redio ya shule kwa waya wa mwavuli.
Leo anapakia lumbesa barabarani,
akiniona anashusha kofia, ananiamkia.

Basi jioni tunakaa jikoni kwa uji, mimi naye,
na kitabu cha kidato cha pili kisicho na jalada.
Mama yake kanipa nusu saa; viazi navyo vinangoja jembe.
Ijumaa alinionyesha swali. Nikaligeuza,
nikafuta, nikaligeuza tena.
"Hili silijui," nikasema.
Akakunja uso, akasogea karibu na makaa.
"Njia iko wapi, mwalimu?"
Sikujibu. Nikamwomba penseli.