Swali la Nyanzobe

Mwalimu Bugumba alitupanga mstari, Mwaloni Kirumba:
"Kinachoingia kapuni ni bidhaa.
Kisichoingia, nawe umekilipia, ni huduma."

Tukaanza.
Dagaa, kapuni. Ndoo ya bluu, kapuni.
Fundi nyavu? Haingii,
ana kitambi.
Kivuko cha Kamanga? Huduma,
japo tiketi yake ya juzi ningali nayo mfukoni.

Nyanzobe akanyoosha kidole:
"Mama yangu husuka nywele, pale kwenye mwavuli.
Mteja hulipa, akaondoka na mabutu yake.
Kapuni hayamo, mwalimu,
lakini si kayabeba?"

Mwalimu akajikuna kipara.
Upepo wa ziwa ukarusha magamba ya sato
hadi kwenye soksi zetu.

"Kesho," akasema, "mama yako aje afundishe."
Nyanzobe, bila hata kucheka:
"Atakuja.
Mtamlipa ngapi?"