Meno ya Rejeta

Usifungue ikiwa moto. Hilo la kwanza.
Jirani yetu Wakoli alifungua pale Salgaa, mwaka wa mvua kubwa,
na hadi leo kidevu chake kina ramani.
Kwa hiyo nangoja. Nimeegesha Pijo ya baba
kivulini mwa ukuta, hapa Kiamunyi, boneti wazi.
Nanywa chai. Naigusa rejeta kwa mgongo wa kiganja
kama anavyoguswa mtoto mwenye homa.

Sasa.
Beseni la kufulia chini, magazeti chini ya beseni.
Kizibo kiko chini kushoto, kimeota kutu,
kinakataa, kinakataa,
halafu kinakubali yote kwa mpigo
na mkono wangu unalowa hadi kiwiko.

Nilitarajia kijani. Dukani huwa kijani kama sharubati ya harusi.
Kilichotoka kina rangi ya chai ya matanga,
na chengachenga nyeupe
zinazozunguka beseni kama maganda ya yai.

Jerotich, fundi wangu wa simu, anaitisha picha. Naituma.
Anacheka hadi anakohoa.
"Mzee alikuwa anaweka nini humo?"

Maji. Maji ni maji, ndivyo alivyosema.
Ya bomba letu. Ya mto Molo, kwa kopo la maziwa.
Ya Salgaa, ya bure, ukinunua mafuta.
Siku moja, kwenye mlima wa Timboroa,
ya chupa yangu ya kunyonya, nami nikilia kiti cha nyuma.

"Basi fungua mdomo," anasema Jerotich, "ujitazame kwenye kioo."

Sina haja ya kioo.
Nakuru imeandika jina lake kwenye meno yangu
kwa wino wa kahawia usiojua mswaki.
Picha ya shule, midomo imefungwa.
Picha ya harusi, midomo imefungwa.
Nyakio alipozaliwa mama alinunua tangi,
akaelekeza mabati yote kwenye tangi,
na yule kitinda mimba akalelewa kwa mvua:
akicheka leo, ni kama mlango wa friji umefunguliwa.

Mimi na Pijo tulikunywa bomba.

Naosha. Mpira wa bustani juu, uchafu unatoka chini,
mara ya pili, ya tatu,
ya nne inatoka punje ya shaba
ambayo Jerotich hajui ni ya wapi.
Nimeitia mfukoni.
Ya sita, maji yanatoka kama yalivyoingia.

Kamisaa anakuja kunusa beseni. Mbwa huyu anapenda vitamu,
na humo mna utamu kidogo wa kulanti ya kale,
utamu wa figo kukoma.
Namtupia kandambili. Namimina yote kwenye mtungi,
nakaza kifuniko, naandika kwa kalamu nene:
SI MAJI.

Nusu kulanti, nusu mvua ya tangi la mama.
"Ya betri ndiyo bora," anasema Jerotich.
Leo Jumapili, duka limefungwa.
"Haya, mvua. Lakini usinitaje."

Natia polepole. Nawasha injini, kifuniko bado wazi,
hita hadi mwisho, saa saba mchana, Januari,
jasho linanidondoka puani.
Rejeta inacheua viputo
kama mtoto aliyepigwapigwa mgongoni.
Kimiminiko kinashuka. Naongeza. Kinashuka.
Naongeza mpaka inanyamaza.

Mshale unapanda. Unapita robo, unafika katikati,
unasimama.
Nakaa pale dakika ishirini nikiutazama, sina kazi nyingine.

Baba hakuwahi kuuona ukisimama.
Yeye kila kilima alikihesabu kwa makopo:
Mbaruk moja, Timboroa matatu.
Kopo lenyewe bado liko chini ya kiti cha dereva.
Nalitoa. Ndani lina ukoko mweupe, unene wa ukucha,
nao haukwanguki.

Nalirudisha pale pale.