Wingu la Ofisi ya Maji

Siku Shekuwe anahamia Hola tulimuaga kwa mkate wa sinia
na kahawa ya tangawizi. Afisa utumishi akaja na fomu.
Akarudisha funguo za pampu, saba, kwenye kamba ya katani.
Akarudisha tochi, koti la mvua, viatu vya mpira
(kimoja kimetoboka; ikaandikwa, kimoja kimetoboka).
Akarudisha kipima chumvi, amekiviringisha kwenye taulo
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Tukatia saini. Juu ya vichwa vyetu, kalenda ya duka la saruji:
Mali bila daftari huisha bila habari.

Daftari tulikuwa nalo.
Miaka saba ya visima vya Shela, kila Jumatatu,
kina, chumvi, jina la aliyepima,
na pembeni maneno ya Shekuwe, maana hakuweza kujizuia:
"Kisima cha tisa leo kimenuna."
"Punda wa Bi Tima katumbukiza kichwa, kipimo kirudiwe."
"Chumvi imepanda tena. Nimemwambia mkuu. Mkuu kasema ataona."
Yote winguni. Tulisifiwa kwa hilo.
Wageni walikuja kutazama, wakala sambusa,
wakasema karatasi huliwa na mchwa, wingu haliliwi.

Siku ya arubaini
(sitafuti maneno, nilihesabu kwenye kalenda ile ile)
nikafungua niingize kipimo, nikaandikiwa:
Faili hili halipo, au huna ruhusa.
Hiyo "au" ilinikaa kooni wiki nzima.
Aliyefiwa huambiwa amefiwa.
Aliyefungiwa huuona mlango.

Nikampigia. Mtandao wa Hola huja na kuondoka.
"Anwani ile ilikuwa ya ofisi, Mwanaesha.
Wameifunga, na mimi niko nje kama wewe.
Funguo nilirejesha. Ya wingu hakuna aloniuza."
Kuuza, kwa Kiamu chetu, ni kuuliza;
kwa kitambo nikasikia yote mawili.

Kijana wa mitambo, Mokowe, alinijibu kwa upole wa daktari:
akaunti ikifungwa, vilivyomo hungoja siku thelathini.
Mama, ungekuja siku ya ishirini na tisa.

Kisha nikamkumbuka Swabra, yule mwanafunzi wa mafunzo,
mchelewaji, tuliyemwandikia barua mbili za onyo.
Mtandao wetu ukizimika adhuhuri, alikuwa akinakili kila kitu
kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka.
Akanitumia kutoka Kizingitini, bila hata salamu:
miaka mitano na miezi miwili.
Punda wa Bi Tima yumo. Kisima cha tisa kimenuna.
Linaishia Jumatatu moja ya Februari, katikati ya mstari,
na chumvi ilianza kupanda mwezi wa Aprili.

Sasa watu wa Shela wanakuja na birika zao:
onja, chai ina munyu, tangu lini?
Naonja. Ina munyu. Tangu lini, sina la kuonyesha
ila ulimi.

Nimefungua jalada jipya, kwa jina langu, upesi upesi.
Kwenye fomu ya kuaga nimeongeza mstari kwa kalamu,
chini ya viatu vya mpira:
Wingu. Nani anabaki na idhini?
Leo nikatazama juu ya ukurasa, pale pasipotazamwa:
Mmiliki, Mwanaesha Bunu.
Nastaafu Desemba.

Ongeza mtu, nikabonyeza. Likaniuliza jina.
Ofisini tumebaki wawili, na Famau amepata kazi Kwale;
hajaniambia, niliiona barua chini ya kikombe chake.
Nikaandika Famau hata hivyo,
na chini yake Swabra,
ambaye si mwajiriwa wa mtu.