Fundi wa Kutu

Mchana, pale Shimanzi, mimi ni adui wa kutu.
Naifukuza kwa msasa, kwa bondo, kwa matusi.
Milango ya malori iliyolika na hewa ya chumvi
naikata, naiziba, naipiga rangi,
mwenyewe akija asilijue gari lake.

Usiku, Mlaleo, naizaa.

Mejumaa ameshazoea. Sinia la futari
ndilo karakana: taa ya kichwa, kibanio cha nyusi
(chake, nacho hakirudi),
na sanduku alilolileta binamu kutoka Doha,
vipande mia tatu na kumi na viwili vya plastiki ya kijivu,
gari la deraya, matairi sita,
moja kwa thelathini na tano.
Mtu mzima, kwa kipimo hicho,
hafiki urefu wa kidole changu cha shahada.

Wiki tatu za gundi.
Boliti ndogo kama punje ya ufuta;
moja iliruka, nikaitafuta kwa magoti mpaka adhana,
kumbe imenasa ndevuni.
Antena ni uti wa chelewa, nimeuchomoa
kwenye ufagio wa mama mkwe, naye hajui.

Kisha rangi. Na hapo ndipo kazi,
maana gari jipya ni uongo.
Gari jipya halijaenda popote.

Basi maji kidogo, chumvi ya Gongoni chembe chembe
kwenye kingo, rangi juu yake, halafu subira
(kaskazi hii rangi haikauki, inatoka jasho kama mimi),
kisha brashi mbichi, sugua:
chumvi ikibanduka inabanduka na ngozi,
na chini yake kahawia niliyoificha.
Tofali la kusaga. Masizi ya sufuria.
Udongo mwekundu wa Mariakani, kijiko kimoja;
dereva aliyeniletea aliuliza kama ni dawa.

Likaiva. Likawa kuukuu kuliko mimi.
Nikamwita shemeji Ngowa aje anisifu.

Ngowa aliendesha la kweli, ng'ambo ya mpaka,
miaka minne, na tangu arudi
maneno huyatoa kwa hesabu, kama vidonge.
Alilishika kwa vidole viwili. Akaligeuza tumbo.

"Kutu umeitia nyingi. Kule ni kukavu.
Chuma hakipati nafasi ya kuoza."

Nikameza mate.

"Na hapa," ukucha juu ya kipandio cha nyuma,
"hapa vumbi halikai."

Kwa nini?

"Ndipo alipokuwa akikanyaga Ekidor."

Feni ilizunguka. Mejumaa akaacha kupepeta mchele.

"Mpini wa mlango huu unang'aa. Wa kulia.
Wa kushoto haukufunguka tena."

Akanywa chai kwa mkupuo mmoja, akaaga,
viatu akavivalia nje, barazani.

Sikulala. Nikatwaa pamba ya masikio na spiriti,
kazi ya mchana ikanifuata nyumbani:
nikaifuta kutu yangu yote ya fahari,
nikabakisha vumbi, jembamba, rangi ya biskuti.
Kwenye kipandio cha nyuma nikasafisha
upana wa kiatu kimoja,
punje ya mchele, haizidi.
Mpini wa kulia nikausugua kwa ncha ya penseli
mpaka ukashika mwanga wa taa.
Wa kushoto nilikaa nao muda mrefu,
brashi mkononi,
nikashindwa kujua niufanye nini,
nikauacha.

Ijumaa alipita tena, kurudisha sufuria.
Alilitazama juu ya kabati. Hakulishika.
Nami sikuuliza.
Alipofika mlangoni alirudi hatua mbili,
kwa kidole kimoja akalizungusha taratibu,
pua ikaelekea kizingitini.

"Huegeshwa hivi," akasema.
"Likitazama njia ya kutokea."