Uzi na Mate

Nikiulamba uzi hauchongoki.
Unachanua nyuzinyuzi, tundu la sindano linaukataa,
na kofia ya vito ya Bwana Abushiri imekwama robo.
Tangu ile miale ya Mombasa
kinywa changu ni jiko la jana.

Hapa Mkomani watu husema, "kabla mate hayajakauka."
Yangu yamekauka tangu Rajabu.

Zeituni, mtoto wa kaka, anasomea maabara.
Alinichorea nyuma ya karatasi ya halua:
huu mshipa wa fahamu, hii tezi chini ya taya,
na hivi vidoto, peptidi, barua ndogo mno.
Moja huiambia damu: sogea.
Nyingine huiambia tezi: toa, tena yawe mazito.
"Barua zingali zinatumwa, shangazi.
Nyumba ndizo zilizoungua."

Leo jirani amefungua chupa ya achari ya ndimu.
Harufu imeparamia ukuta, imeingia bila hodi.
Chini ya taya kitu kikauma,
kama mtu anasukuma mlango uliovimba kwa mvua.

Tone moja.
Sikulimeza.
Nikaupa uzi.