Kilichobaki Chupani

Kazi yangu, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi,
ilikuwa kumimina vidonge kwenye sahani ya plastiki
na kuvihesabu viwili viwili kwa kisu cha siagi,
mwenye chupa akinitazama vidole
kama anayenunua dhahabu kwa mtu asiyemwamini.
Vikizidi, amesahau. Vikipungua, amemgawia jirani.
Malindi nzima, Maweni hadi Muyeye, watu mia sita na kumi na wawili,
wote waliwahi kuangushwa na kiharusi
na wote walitaka kisijue tena njia ya kwao.

Nusu walipewa dawa. Nusu, unga uliofinyangwa ukafanana nayo,
rangi ile ile ya ganda la yai, uchungu ule ule ulimini.
Nani ana nini? Sikujua. Daktari hakujua.
Nilieleza hivyo kwa Kiswahili, kwa Kigiriama,
kwa mikono nilipokosa maneno,
na Katoi wa Msabaha akacheka kwa upande mmoja wa uso,
ndio uliobaki wa kuchekea:
"Yaani bahati nasibu, ila zawadi ni mimi mwenyewe."
Akatia dole gumba kwenye wino.

Hili lilinichukua muda kulielewa:
kuna watu watano wasiotujua,
wasiopata senti dawa ikishinda,
na ni wao tu wanaofunua sufuria, kwa tarehe zilizopangwa.
Mpishi yeyote anajua, kila ukifunua mvuke unatoroka,
na ukionja mara kumi, mara moja ulimi utakudanganya chumvi imekolea.
Kwa hiyo kipimo huwekwa kabla moto haujawashwa.
Wakiona dawa inaokoa, wazi, bila ubishi, husimamisha, wote wapewe.
Wakiona inadhuru, husimamisha hata kama ni usiku.
Na kuna la tatu, lisilo na kilio wala vigelegele.

Mwezi wa kumi na saba, kati ya thelathini na sita, barua ikaja.
La tatu.
Dawa haikuwa sumu. Haikuwa dawa pia.
Walioangushwa tena walikaribia kulingana, huku na huku;
hata tungengoja miezi yote iliyosalia
jibu lingekuwa lile lile, na sindano zaidi mikononi mwa watu.

Nikapita nyumba kwa nyumba kukusanya chupa.
"Semeni tu mmeishiwa pesa," alisema Bi Jokha, akafunga mlango.
Simlaumu. Mradi wa kabla yetu uliondoka hivyo, bila kwaheri.

Nyevu ndiye niliyemwogopa.
Mkono wake wa kulia, uliokuwa gogo, ulirudi mwezi wa nne.
Akarudi kwenye mbuzi, akakuna nazi,
akaitangazia Barani yote kwamba ni vidonge vyetu.
Bahasha yake nikaisoma mara mbili.
Unga.
Kuku akapita kati yetu.
Akaugeuza mkono, kiganja, mgongo, kiganja,
kama kitu cha kuazima anachoambiwa leo ni chake.
"Basi nani alinikunia nazi?"

Bahasha ya Katoi aliifungua mkewe, Mbeyu.
Dawa yenyewe. Hakuruka hata siku:
chupa yake ya mwisho ilibaki na vidonge ishirini na vitatu,
sawasawa na siku ambazo mwezi ule uliendelea bila yeye.
Akauliza kama ndivyo vilivyomuua. Nikasema hapana,
waliangukao walianguka pande zote mbili.
"Sasa alivimeza vya nini?"

Jibu nilikuwa nalo, ukurasa wa pili wa karatasi ya maelezo:
ili mtu asiyemjua, mji asioujua,
asiuze mbuzi wake kununua dawa isiyofaa.
Ni kweli tupu. Mbuzi wake mmoja alikuwa amefungwa kwenye mkorosho,
nikalisema hata hivyo, taratibu.

Hakujibu. Alileta chupa tatu za zamani,
ya iliki, ya bizari, ya chumvi,
akauliza kama nazo nazichukua.
Fomu ilisema zote.
Nikaandika: zimepotea.