Paa

Bi Njambi anauza mabati Nakuru, barabara ya kwenda Njoro,
na mimi namnunulia maneno.
La kwanza lilikuwa paa,
peke yake, bila uzio, milango wazi pande zote,
na kila aliyeligusa alitugharimu shilingi thelathini na nane.

Wakaja. Loo, wakaja!
Watalii waliotaka kumwona paa mbugani, kando ya ziwa.
Mwanafunzi wa Bahati: paa hula nini.
Mtu fulani, saa nane za usiku: nimeota ninapaa, maana yake.
Mwingine alikuwa na samaki jikoni, hajui kumpaa magamba.
Kufikia Jumatano hela za wiki zilikuwa zimekwisha
na hata msumari mmoja haujatoka dukani.

"Ombaso," akasema Bi Njambi, kalamu sikioni,
"mimi sifugi swala."

Nikajifunza kufunga.
Kwanza alama za mtajo: "mabati ya paa",
maneno yashikane mikono hivyo hivyo yalivyopangwa,
mbele yake na nyuma yake aje atakaye.
Kisha mabano ya mraba: [bei ya mabati geji thelathini],
chumba cha mtu mmoja.
Kisha orodha ya kukataa, kila neno na ishara yake ya kutoa:
−mbuga
−ndoto
−samaki
−picha
−mtumba
Kila jioni nasoma walichoandika watu
kama anayechambua mchele: jiwe hili, chuya hii.
Simu za dukani zikaanza kulia.

Mwezi wa nne, mvua ikiwapiga Kaptembwo kama mdai,
nikakuta mstari usio na nukta wala herufi kubwa:
paa linavuja kwa kitanda ya mtoto naeza pata bati bure

Shilingi thelathini na nane.

Bi Njambi akausoma juu ya bega langu, akanyamaza.
Ana mkopo, ana vijana wanne wa kupakia. Simlaumu.
"Ziba hilo," akasema. "Bure. Wote wa bure."

Ningeandika neno hilo moja, herufi nne tu,
na kila mwenye kuomba angegeuzwa kabla ya kubisha,
nisijue hata kama alipita.
Badala yake nikauchukua mstari wote, maneno kumi,
na ile naeza yake, na ile kitanda ya,
nikaufungia ndani ya mabano ya mraba,
nikautia ishara ya kutoa.
"Nimeziba," nikamwambia.

Na sikusema uongo. Wengine wote wa bure bado wangepita,
kila mmoja na mvua yake, na namna yake ya kuisema.
Nililala nikijiona mjanja.

Alfajiri ndipo nikakumbuka:
yule mmoja, akirudi usiku mwingine
na maneno yake yale yale, kwa mpangilio ule ule,
ni yeye peke yake niliyemfungia.